MTAJI WA KWANZA: FUNDISHO LA MAMA MJANE NA CHUPA YA MAFUTA

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Kila Jumapili baada ya ibada, ombi moja linaturudia sisi mashemasi. Mama mjane anakuja na kusema: "Baba shemasi, mniombee nipate kapitali ya kuanza kuuza." Kijana aliyejifunza kuunganisha vyuma anakuja: mikono anayo, ufundi anao, mashini hana. Baba ambaye kampuni imemwachisha kazi anakuja usiku, maana anaona haya kuja mchana. Sisi tunaomba pamoja nao, na hatutaacha kuomba. Lakini kumwombea mtu bila kumwonyesha njia ni kama kumbariki mwenye njaa na kumrudisha kwake tumbo tupu. Mtume Yakobo alikwisha kutukataza jambo hilo katika sura ya pili ya waraka wake. Kwa hiyo leo tunataka kuzungumza wazi juu ya makuta ya kuanzia kazi: yanatoka wapi, yanalindwa namna gani, na yanapotelea wapi.

Mfungue Biblia zenu kwenye kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Kuna mama ambaye mume wake amekufa. Mume alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, lakini aliacha deni. Mwenye kudai anakaribia kufika ili awachukue watoto wawili wawe watumwa. Mama anamlilia nabii Elisha. Wapendwa, tuangalie vema nabii alifanya nini, na tuangalie pia ambacho hakufanya.

1. NABII ALIULIZA KILICHOMO NYUMBANI

Elisha hakumpa mama yule fedha. Alimwuliza kwanza ana kitu gani ndani ya nyumba. Mama alianza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka kwamba kuna chupa ndogo ya mafuta. Hivyo ndivyo tunavyojibu sisi sote. Kwanza "sina kitu", halafu, tukiulizwa tena kwa upole, tunaona kwamba kuna kitu.

Wengi wetu tunafikiri mtaji ni fedha nyingi ambayo mtu anapewa siku moja. Sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tulipata fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipokea fedha yake mkononi kwa mara moja. Wengine walinunua gari la kubeba watu, wengine walijaza duka. Walikuwa wanaume hodari, waliojua kuchimba na kuyeyusha shaba, lakini kuuza ni kazi nyingine, nayo ina masomo yake. Gari liliharibika, duka likalisha ukoo mzima, na baada ya muda mfupi wengi walibaki bila kazi na bila fedha. Hatusemi hivi kuwahukumu baba zetu. Tunasema ili kijana ajue kwamba fedha nyingi mbele ya mtu asiyejua kazi hiyo ni kama mvua kubwa juu ya shamba lisilolimwa: maji yanapita na udongo unakwenda nayo.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutafuta fedha ya mwingine, uandike kwenye karatasi kilichomo kwako. Una kazi gani mikononi? Una chombo gani: mizani, kinu, mashini ya kushona, toroka, sufuria kubwa? Una nafasi mbele ya lango kwenye njia ya watu? Watu gani wanajua kwamba neno lako ni neno? Mama anayejua kupika maandazi, naye ana sufuria na makala ya siku mbili, hahitaji kuanza na gunia la unga wa ngano. Anaanza na kilo mbili. Akipata hasara, amepata hasara ya kilo mbili, na amejifunza. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama, ili watu wasije wakamcheka akishindwa kumaliza. Kuhesabu si kukosa imani. Bwana ndiye aliyetufundisha.

2. DENI LENYE RIBA LINAWACHUKUA WATOTO

Yule mwenye kudai wa wakati wa Elisha hajafa. Tunamwona katika mitaa yetu. Watu wanaiita kazi yake "banki Lambert": anakupa fedha leo bila maswali mengi, na mwisho wa mwezi unarudisha pamoja na nusu yake juu. Ukikosa, anachukua friji, televizyo, hata karatasi ya kiwanja. Watoto hawafungwi kamba siku hizi, lakini binti anayetolewa shule ili auze maji njiani kwa kulipa deni la mama yake, yeye ni huru wapi?

Tuhesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo. Bei zinabadilika, kwa hiyo huu ni mfano tu. Tuseme mama ananunua bidoni moja ya mawese, litre 20, kwa franka 50,000. Anauza kila litre 3,000, anapata 60,000. Anatoa usafiri na kodi ya soko, 3,000. Faida yake ni 7,000. Bidoni inakwisha kwa siku tatu, basi kwa mwezi anauza bidoni kumi. Faida ya mwezi ni 70,000. Hiyo ni kazi nzuri.

Sasa tuseme zile 50,000 za kwanza alizikopa kwa banki Lambert. Mwisho wa mwezi anadaiwa 75,000. Kwa kila bidoni alitoa 4,000 kwa chakula cha watoto, na jumla ni 40,000. Mtaji wake 50,000 na faida yake 70,000 ni 120,000. Ondoa chakula, zinabaki 80,000. Ondoa deni, zinabaki 5,000. Mama amekaa kwenye jua mwezi mzima, amebeba, amepima, amenyweshwa vumbi, na hawezi tena kununua hata robo ya bidoni. Atafanya nini? Atarudi kukopa kwa mtu yule yule. Tazameni, hakuwa mvivu, wala hakuibiwa sokoni, wala hakulogwa. Tunasema hivyo kwa sababu tumesikia watu wakimshitaki bibi mzee wa jirani kwamba amefunga biashara yao, wakati kilichoifunga ni riba. Msiwasingizie wazee uchawi. Chukueni kalamu kwanza.

Torati ilikataza Waisraeli kumtoza riba ndugu maskini, na katika sura ya tano ya Nehemia tunasoma jinsi mkuu yule alivyokasirika alipoona watu wanaweka mashamba na watoto wao rehani kwa ndugu zao wenyewe. Basi kama katika parokia yetu kuna ndugu anayekopesha wenzake kwa nusu juu, tunamwomba kwa jina la Bwana aache. Asilete sehemu ya kumi ya fedha ile mbele ya Mungu akifikiri ataisafisha.

3. VYOMBO VILITOKA KWA MAJIRANI

Elisha alimtuma mama aende kuazima vyombo vitupu kwa majirani, tena si vichache. Hapa, wapendwa, kuna jambo ambalo tunalipita haraka. Muujiza wa Mungu ulipitia kwenye vyombo vya watu wa mtaa. Mafuta yalisimama siku vyombo vilipokwisha. Kama majirani wangefunga milango, mafuta yangebaki chupa moja. Na kama mama yule angekuwa mtu wa kuazima bila kurudisha, nani angempa chombo?

Basi mtaji wa kwanza wa maskini ni watu wanaomjua. Mama zetu walilielewa hilo tangu zamani kwa likelemba. Turudi kwa mama wetu wa mawese. Tuseme mama kumi wanakubaliana kutoa franka 5,000 kila juma. Juma lake likifika, anapokea 50,000, na bidoni yake ni hiyo. Akiwa wa kwanza kupokea, atalipa 5,000 kwa majuma tisa yanayofuata. Katika siku hizo 63 atauza bidoni 21. Kwa kila bidoni, baada ya chakula, zinabaki 3,000: jumla 63,000. Anatoa 45,000 za wenzake. Mwishoni ana mtaji wa bidoni nzima, 50,000, ambao sasa ni wake, na 18,000 juu. Ni mama yule yule, soko lile lile, mawese yale yale. Tofauti ni mlango aliopitia kutafuta fedha.

Lakini likelemba ina adui wake: yule anayepokea wa kwanza, halafu hatumwoni tena. Akiitwa kikundini anaumwa, akifuatwa nyumbani amesafiri. Ndugu, ukila zamu yako na kukimbia, umebomoa vyombo vya majirani wote. Mjane atakayekuja baada yako atakuta milango imefungwa, na dhambi ile iko juu yako. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba zamu za kwanza zipewe watu ambao uaminifu wao umekwisha kuonekana, na mgeni apokee mwishoni.

Kuna pia karte ya akiba. Kila siku unampa mtunza-karte kiasi kile kile, anaweka alama kwenye kisanduku kimoja, na mwisho wa mwezi anakurudishia, akibakiza toleo la siku moja kuwa mshahara wake. Inawasaidia wale ambao fedha haikai mkononi mwao. Lakini mjue anakaa wapi na ana nani nyuma yake, maana watunza-karte wengine wameondoka na akiba ya soko zima.

Anayetaka kupanda juu zaidi anaweza kufika kwenye koperative za akiba na mkopo, COOPEC, ambazo zina sheria yao tangu mwaka 2002. Usione haya kuwauliza waonyeshe ruhusa yao ya Banki Kuu ya Kongo. Mwenye ruhusa hakasiriki akiulizwa. Uliza pia riba ni ngapi kwa mwezi na kwa mwaka, na faini ni ngapi ukichelewa, na kama hujui kusoma kifaransa, nenda na mtoto wako anayekijua kabla ya kutia kidole kwenye karatasi.

4. MLANGO ULIFUNGWA

Nabii alimwambia mama aingie ndani na watoto wake, afunge mlango, ndipo amimine. Kwa nini kufunga mlango? Walimu wamefundisha mengi. Sisi tunaona hili pia: mtaji usiofungiwa mlango hauishi. Juma la kwanza mjomba ana kilio, juma la pili mtoto wa dada hana karo, juma la tatu tunataka kitambaa cha sikukuu. Yote ni mahitaji ya kweli, lakini yote yanakula kwenye bidoni ile moja.

Ndugu zetu wa Kivu wana desturi ya vikundi vinavyoitwa MUSO. Wanatenganisha kasa. Kasa ya kijani ni ya kukopeshana kwa kazi. Kasa nyekundu ni ya shida: ugonjwa, msiba. Shida ikija, inajibiwa na nyekundu, na ya kijani haiguswi. Hata mtu mmoja nyumbani anaweza kufanya hivyo na makopo mawili. Faida iligawanywe: hii ya kula, hii ya kurudi kwenye kazi, hii ya shida na ya sadaka. Mtaji wenyewe usiguswe, kama vile mkulima asivyopika mbegu hata njaa ikiuma.

Na mtaji usilale. Wazee wetu wanakumbuka. Mwezi wa kumi 1993 nchi ilibadili fedha, na zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franka ilikuja, na franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyeficha noti zake chini ya godoro siku zote hizo alibaki na karatasi za kuwashia moto. Aliyezigeuza mapema kuwa mashini ya kushona alibaki na mashini, na mashini ilishona.

5. NABII HAKUCHUKUA HATA CHUPA MOJA

Mafuta yalipojaa vyombo, mama alirudi kwa mtu wa Mungu kumpasha habari. Naye alimwambia auze, alipe deni, kisha aishi na watoto kwa kile kinachobaki. Tunaomba kila mtu asome tena mistari hiyo saba na kutafuta mahali ambapo Elisha alipokea sehemu yake. Hapapo.

Tunasema neno hili kwa heshima, maana sisi ni kanisa linaloamini kwamba Mungu bado anasema kwa vinywa vya watumishi wake. Lakini siku hizi kuna watu, hata nje ya makanisa, wanaomwambia mjane alete kapitali yake yote ili iombewe na irudi mara kumi. Mama analeta, anasubiri, analia. Sadaka ni sadaka: tunaitoa kwa shukrani, na hatungojei hesabu. Kapitali ni kapitali: tunaiombea ikiwa mkononi mwa mwenyewe, na anarudi nayo kwake. Mtu akikuambia uiache kwake, umwulize Elisha alichukua chupa ngapi.

Hivyo hivyo na michezo ya fedha. Wenye umri wetu hawajasahau mwaka 1991, wakati Kinshasa yote ilipokimbilia mchezo ulioitwa Bindo. Watu waliuza vitu vya nyumba wakaweka fedha, wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha ya waliofuata, na siku waliofuata walipopungua, mchezo ulianguka na akiba ya watu ikapotea. Mwaka ule ule wa 1991, upande wa Maradi katika nchi ya Niger, shirika la CARE lilisaidia wanawake wa vijijini kuanza vikundi vya akiba: kila juma kidogo, fedha inahesabiwa mbele ya wote, anayekopa anakopa kwa wenzake, na faida inabaki kwao. Njia ile imeenea katika nchi nyingi za Afrika, hata kwetu Kongo, na leo vikundi vingi vinaweka fedha katika sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Wanawake wale hawakuahidiwa utajiri wa haraka. Mithali 13 inatuonyesha tofauti hiyo: mali ya upepo inapungua, na anayekusanya kwa mkono wake kidogo kidogo anaongeza. Leo michezo ya namna ya Bindo inakuja kwa simu, na majina mapya. Msiangalie jina. Ulizeni tu: wanauza nini, na faida inatoka wapi? Kama jibu ni "leta watu wengine", kimbieni.

OMBI LETU KWA PAROKIA

Wapendwa, hatutaki kufundisha tu na kwenda. Mambo manne tunawaomba.

Kwanza, kila mtaa wa parokia uwe na kikundi cha akiba cha watu kumi mpaka ishirini na watano wanaojuana, chenye daftari, na sanduku la kufuli tatu. Funguo zisikae nyumba moja, wala zisikae kwa mashemasi. Kasa ya kanisa ni ya kazi ya Mungu na ya maskini. Haitakopesha biashara ya mtu, hata iwe ya mzee wa kanisa.

Pili, wenye ufundi wachukue kijana mmoja. Mtume Paulo alikaa kwa Akila na Prisila akifanya nao kazi ya mahema, maana walikuwa wa ufundi mmoja. Kijana wetu wa kuunganisha vyuma hawezi kununua mashini leo. Lakini kama fundi mmoja kati yetu atamwachia mashini yake siku mbili kwa juma, wakigawana faida, mwaka mmoja utatosha kumsimamisha. Hicho ndicho chombo kitupu cha jirani.

Tatu, anayedaiwa na banki Lambert asijifiche. Aje kwa mashemasi wawili, baba na mama, tukae naye, tuhesabu deni, twende pamoja kwa mwenye kudai kuomba miezi ya kulipa. Hatutalitangaza jambo lake mimbarini.

Nne, sisi sote tununue kwa wetu. Mjane anauza mawese mbele ya lango la kanisa, nasi tunapita tukimsalimia vizuri na kwenda kununua mbali. Salamu haijazi bidoni.

Mungu Baba, wewe uliyeona machozi ya mjane yule, uwaone wajane wa mtaa wetu. Uwape watoto wetu kazi ya mikono. Utuondolee tamaa ya kupata bila kupanda, na ugumu wa moyo unaofungia jirani mlango. Kidogo kilicho nyumbani mwetu, ukibariki, nasi tutatafuta vyombo. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.